Mpamba Kisima wa Ollerdale

Jumatatu ni siku ya kufua Ollerdale, na siku ya kufua ndiyo siku ya habari. Avis Gratton alikuwa anaanika nepi za mwanawe wakati jirani yake, Doreen Bagshaw, alipotokeza kichwa juu ya ukuta wa mawe uliogawa nyua zao, vibanio vya nguo vimemjaa mdomoni.

"Umesikia?" akauliza, na kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa kubwa, haingeweza kupenya katikati ya vibanio, akavitoa. "Bi Thirza anakunywa."

"Anakunywa nini?"

"Uji! Pombe, shoga, kunywa gani kwingine kunakosemwa? Juzi kaliamkia koti. Koti la Bwana Furniss, limetundikwa mlangoni mwa kanisa, mwenyewe hayumo. 'Hujambo, Harold? Mguu wa mama unaendeleaje?' Koti kimya. Akaliuliza tena. Koti kimya. Akaondoka amenuna, anasema watu wa siku hizi hawana adabu."

Avis aliinamia kapu la nguo ili Doreen asimwone akicheka. "Labda alikuwa na mawazo."

"Mawazo gani yanayonuka mnanaa? Nimemnusa mimi mwenyewe. Pipi ya mnanaa haimtoki mdomoni kutwa. Usinifundishe hayo, Stanley wangu alikuwa hivyo hivyo kabla hajaokoka. Lisemwalo lipo, Avis. Na kama halipo, laja."

Avis akatundika nepi nyingine, akailainisha kwa kiganja. Ollerdale ni kijiji cha milimani huko Uingereza, cha watu wa kanisa, walioapa tangu utotoni kwamba kileo hakitagusa midomo yao, na wengi wao hawajui hata harufu yake. Mwizi huko anasamehewa upesi kuliko mlevi. Ndiyo maana maneno yaliyofuata yalimkaa moyoni.

"Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Furniss, amesema wazi," Doreen akaendelea. "Kama ni kweli, mwaka huu Bi Thirza hagusi mbao za kisima. Ile ni picha ya Maandiko, haiwezi kupambwa na mikono inayotetemeka kwa pombe. Alhamisi anakuja ghalani kumtazama kwa macho yake."

Kumnyima Bi Thirza Wildgoose mbao za kisima! Avis alibaki ameshika kibanio, asijue akibane wapi.

Thirza alizaliwa katika nyumba ile ile anayokaa, nyumba ndogo ya mawe iliyo juu kidogo ya Kisima cha Chini. Baba yake alikuwa mvunja mawe machimboni, na mumewe, Enoch, pia alikuwa mvunja mawe, hadi vumbi la mawe likamjaa kifuani likamwondoa. Watoto wake hawakuishi. Ujanani alifua nguo za matajiri katika jumba moja kule bondeni, na tangu siku hizo mikono yake ilikuwa myekundu, mipana, yenye vifundo, mikono ambayo mtu hangedhani kwamba inaweza kushika petali ya ua bila kuichana. Lakini kila mwezi wa Juni, kijiji kinapotoa shukrani kwa maji, mikono hiyo ndiyo iliyopamba Kisima cha Chini, kwa picha ya petali za maua juu ya mbao zilizopakwa udongo. Alianza akiwa mtoto wa kusimama juu ya kigoda. Hakuacha hata mwaka aliomzika Enoch.

Avis alikuwa na sababu zake za kumpenda. Yeye alikuwa mgeni, mke wa kuletwa kutoka Sheffield, mji wa moshi na visu, na katika mwaka wake wa kwanza alikaribishwa ghalani, mbao zinakopambwa, akapewa kipande cha mbingu ya picha akijaze kwa petali. Akakijaza vizuri sana, kuanzia juu kushuka chini, kama mtu anavyoandika barua. Hakuna aliyemwambia, maana hapo kijijini hakuna asiyejua. Ni kama kumwambia mtu kwamba supu hailiwi kwa uma. Petali hupangwa kuanzia chini kwenda juu, ya juu ikilalia ya chini, kama vigae vya paa, ili mvua iteleze ipite. Ukianzia juu, maji huingia ndani ya kila petali, ikavimba, ikabanduka. Bi Thirza alipita nyuma yake, akatazama, akaweka kigoda chake karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Mbingu yako ni nzuri, mwanangu, ila imevaliwa kichwa chini miguu juu. Njoo tuigeuze kabla majogoo hawajaona." Majogoo ndio wanaume wa kamati. Wakaigeuza wawili, wakicheka, na hadi leo hakuna mwingine aliyejua.

Na halafu ule mwaka wa hamsini na tisa, wa ukame. Jua lilikaa wiki baada ya wiki. Mabomba yakakohoa, yakatema kutu, yakanyamaza. Avis alikuwa kajifungua Gillian majuzi tu, mumewe Clifford yuko machimboni tangu alfajiri, nepi chafu zimejaa beseni, mtoto analia, mama naye analia. Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Akaingia Bi Thirza na mzega begani, ule wa mama yake, uliokuwa umetundikwa ukutani kama pambo tangu mabomba yaletwe, ndoo huku na ndoo huku.

"Lala hapo hapo," alisema. "Mzazi hachoti maji. Kile kisima changu hakijawahi kukauka, na hakitaanza na wewe."

Akafua nepi. Akapika chai. Akamchukua mtoto akampigapiga mgongoni hadi akacheua. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, mpaka mvua iliporudi. Avis alipojaribu kumshukuru, alimkatiza. "Mimi nimechota tu. Juni ikifika, njoo ukishukuru kisima."

Basi Alhamisi ilipofika, Avis alimfunika Gillian katika kigari chake akapanda naye ghalani mapema, kama yeye ndiye anayeshtakiwa.

Ghala lilinuka udongo na majani mabichi. Mbao zilikuwa zimeshinda siku kadhaa ndani ya bwawa zikinywa maji, wanaume wameukanyaga udongo wa mfinyanzi kwa miguu mitupu ndani ya bafu kuukuu, chumvi imetiwa usikauke upesi, na sasa ulikuwa umesambazwa laini juu ya mbao kama siagi. Picha ya mwaka huo ilikuwa mwanamke aliyekutwa na Bwana Yesu kisimani, mtungi begani, joho la buluu limemfunika hadi miguuni. Mistari yote ilikuwa imezungushiwa vikokwa vidogo vyeusi vya miti ya kando ya mto, imetuna, mtu angeweza kuifuata kwa kidole. Joho lilikuwa la Bi Thirza. Kila mwaka nguo ya mtu mkubwa wa picha ilikuwa yake.

Wanawake walikuwa wamekwisha kaa kuzunguka meza, vikombe vya chai miguuni. Doreen alikuwa amechagua nafasi karibu na Bi Thirza, na kila baada ya muda alikuwa akimwinamia kama anayetafuta kitu sakafuni, pua mbele.

"Doreen," Bi Thirza akasema bila kuinua kichwa, "ukitaka pipi si uombe tu? Utaninusa hadi univute puani."

Ghala zima lilicheka. Doreen akawa mwekundu, lakini akapokea pipi.

Avis hakucheka sana. Alikuwa akiangalia mikono. Bi Thirza hakutazama bakuli alipochukua petali. Mkono ulikwenda wenyewe kushoto, lilipokuwa bakuli la maua ya haidranjia ya buluu, ukarudi. Kidole cha mkono wa pili kilitangulia, kikapapasa ukingo wa vikokwa, kikangoja, petali ikalala. Hakutetemeka hata kidogo. Wala hakunuka chochote isipokuwa mnanaa na sabuni.

Adhuhuri wote walikwenda nyumbani kula. Doreen alibaki nyuma kidogo kufuta meza, maana yeye hawezi kuona tone la chai likampita. Akainua mabakuli, akapangusa, akayarudisha, akaenda zake. Bi Thirza alisema hana njaa.

Gillian alisinzia kabla ya kumaliza viazi vyake, kwa hiyo Avis akamlaza kigarini akarudi naye ghalani mbele ya wenzake. Hapakuwa na mtu. Bi Thirza alikuwa ametoka kunawa mikono bwawani. Avis akalisogelea joho. Akaganda.

Kuanzia pindo hadi kiunoni lilikuwa buluu safi, kama mbingu ya asubuhi. Kiunoni, palipokuwa na mkunjo mmoja mpana, lilikuwa urujuani. Petali ni za ua lile lile, ulaini wake ni ule ule, zimepangwa vizuri, chini kwenda juu, hakuna hata moja iliyopinda. Ila hazikuwa buluu.

Bwana Furniss angefika wakati wowote. Avis hakufikiri. Akavuta kigoda karibu na mlango ulio wazi, akaketi kwenye mwanga, akaanza kubandua, petali moja moja, kwa ncha za kucha.

Hatua zikaingia, zikasimama.

"Nani hapo?" akauliza Bi Thirza.

Avis akainua uso. Jua lilikuwa linampiga usoni. Walikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa aproni.

"Nani hapo? Nasikia kucha."

Na hapo ndipo koti la Bwana Furniss, na kidole kinachotangulia, na mkono unaokwenda kushoto bila jicho, vyote vilipokuja kukaa mahali pamoja.

"Ni mimi, mama," Avis akasema taratibu. "Avis."

"Mbona unanibandulia kazi?"

"Hizi ni za urujuani."

Mwanamke mzee alipapasa kigoda kingine. Akaketi. "Bakuli la buluu liko kushoto."

"Lilikuwa kushoto. Doreen alifuta meza. Sasa liko kulia."

"Doreen na kitambaa chake," Bi Thirza akasema. Akakunja mikono yake myekundu juu ya mapaja. "Ni tangu baridi iliyopita. Katikati ndiko kulikoondoka kwanza, kama blanketi lililoliwa na nondo. Pembeni bado naona kidogo. Wewe, kwa mfano, nakuona sikio."

Avis akacheka, na machozi yakamtoka wakati huo huo. "Lakini mama, watu wanasema unakunywa!"

"Najua wanavyosema. Mnanaa ni wa tumbo langu. Waache waseme. Mlevi huombewa, akaacha, akaimbiwa kanisani. Kipofu huwekwa kitini. Mpwa wangu Muriel kule Derby alishaona nilivyojikwaa wakati wa Pasaka, na kiti amekwisha kukinunua, cha mito, amekiweka dirishani. Dirishani, Avis! Nikatazame nini?"

Avis alimshika mkono ule, akahisi udongo mkavu katika mikunjo ya vidole.

"Mahali hapa napajua kwa miguu," Bi Thirza akasema. "Kila jiwe. Derby nitajua kiti tu."

Nje kulisikika kikohozi, kile cha mtu anayetaka ijulikane kuwa anakuja. Akaingia Bwana Harold Furniss, mwenyekiti wa kamati, mwanamume mrefu mwenye masikio mepesi kuiva kwa aibu, kofia mkononi. Nyuma yake Doreen, na nyuma ya Doreen wanawake wengine wawili watatu waliokuwa wamemaliza kula haraka kuliko kawaida.

"Bi Wildgoose," akaanza. "Kamati imeona, yaani si kamati, ni baadhi ya..." Macho yake yakaangukia joho. "Hili nalo? Huku buluu, huku urujuani?"

Avis hakuwahi kusema neno mbele ya mkutano wa watu Ollerdale. Hata kanisani aliimba kwa midomo tu, bila sauti. Sasa alijisikia akisema, "Ni kivuli, Bwana Furniss. Nguo ikikunjwa kiunoni hufanya kivuli."

Bwana Furniss akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. "Sivyo ilivyochorwa," akasema. "Lakini... naam. Limekaa kama limevaliwa."

Ingeweza kuishia hapo. Avis alikwisha anza kushusha pumzi. Lakini Bi Thirza alisimama.

"Si kivuli," akasema. "Huyu binti ananistiri, Mungu amweke. Ila hii ni picha ya shukrani, Harold, na shukrani haianzi na uongo. Sinywi. Sioni."

Njiwa alitua juu ya paa, wakasikia kucha zake.

"Basi lile koti..." Doreen akanong'ona.

"Koti gani?"

"Lile uliloliamkia kanisani. Lilikuwa koti la Bwana Furniss. Yeye hakuwamo."

Bi Thirza akageuza uso kuelekea sauti. "Lilikuwa koti?"

"Koti tupu, Bi Thirza."

"Nami nimelichukia tangu siku hiyo!"

Bwana Furniss ndiye aliyeanza kucheka, masikio yote mekundu, na wengine wakafuata, na katikati ya kicheko hicho Doreen alionekana akijifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Mabakuli niliyasogeza mimi," akasema. "Nilikuwa nafuta tu. Na maneno mengine nayo... nayo niliyasogeza mimi. Nisamehe, mama."

"Mdomo wako na kitambaa chako, Doreen, havitulii," akasema Bi Thirza. "Lakini meza ni safi, nasikia."

Bwana Furniss akainama, akapitisha kidole chake kwenye vikokwa. "Hivi amevipanga nani?"

"Mimi. Vidole havijapofuka."

Akasimama wima, akavaa kofia, akaivua tena. Marehemu Enoch alikuwa amemfundisha kazi machimboni. Kila mtu alijua. "Mimi nilitumwa kuja kumtazama mlevi," akasema hatimaye. "Mlevi sijamwona. Kazi iendelee. Na mkunjo huo msiuguse, nimeupenda."

"Avis amekwisha bandua nusu," akasema Bi Thirza.

"Basi airudishe."

Alasiri ile na Ijumaa nzima, Avis alikaa kushoto kwa Bi Thirza na Doreen akakaa kulia, na mabakuli hayakusogezwa hata meza iliponyeshewa chai. Avis alikuwa akitaja rangi kwa sauti ya chini. Doreen alitaja kama anayenadi samaki. "Buluu! Buluu nyingine! Hii tupa, imesinyaa kama uso wa Stanley!" Bi Thirza akasema kwamba amekwisha kosa macho, sasa atakosa na masikio.

Jumamosi asubuhi mbao zilishushwa kwa mkokoteni hadi kisimani zikasimamishwa, na mara tu ziliposimama, mvua ikaja, ile mvua nyembamba ya milimani isiyo na haraka. Hakuna aliyeihofu. Maji yaliteleza juu ya joho, petali hata petali, yakadondoka kwenye pindo, yakaingia kisimani. Bendi ya matarumbeta ikapiga, mchungaji akabariki maji, watu wakaimba chini ya miavuli.

Muriel alikuwa amefika kutoka Derby na basi la asubuhi, mwanamke mwema mwenye viatu visivyofaa matope. Avis alimwona akizungumza na Bwana Furniss kando ya ukuta, akajisogeza na Gillian kiunoni, akasikiliza.

"Lakini ataanguka," Muriel alikuwa anasema. "Peke yake, nyumba ile, na ngazi zile!"

"Hayuko peke yake," akajibu Doreen, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Akianguka tutamwinua. Mimi nafungua dirisha langu, naona mlango wake. Naona milango ya watu wote, ukitaka kujua."

"Nami napita kila asubuhi," Avis akasema. Hii ilikuwa mara yake ya pili kusema mbele za watu katika wiki moja, na alishangaa kwamba haikumuumiza. "Nitamchotea. Nina deni la..." Akaona neno deni si lenyewe. "Napenda kupita kwake."

Muriel aliwatazama wote watatu, mvua ikimdondoka kofiani, akaitazama na ile picha kwa muda mrefu. Mwisho akasema basi, kiti hakiozi, kinaweza kungoja mwaka mwingine, naye atakuja mwenyewe Krismasi aone. Bwana Furniss akamshika mkono kwa nguvu mno.

Watu wakaanza kuvutwa na harufu ya chai na skonzi kutoka jengo la shule, wakapanda njia kwa makundi, bendi nayo ikifuata matarumbeta kwapani. Pakabaki sauti ya maji. Bi Thirza hakwenda. Alikuwa amesimama mbele ya mbao, uso ameugeuza kando kidogo, akiwinda kwa pembe ya jicho. Avis alimjia, na mkono ule mwekundu ukatafuta mkono wake ukaushika. Gillian akanyoosha vidole kuelekea joho, akanong'ona kitu chake mwenyewe.

"Miaka yote hii nimepamba," Bi Thirza akasema, "na miaka yote nikishamaliza naitupia jicho moja tu, nakimbilia kuosha vyombo vya chai. Sikuwahi kusimama nikaitazama. Nilidhani mwakani nitaitazama." Akakaza vidole. "Vyombo leo aoshe Doreen. Nisimulie, mwanangu. Yote, usiniruke kitu. Anzia chini."